Kupoteza Alama

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii hukusudiwa kumkemea mvivu ambaye, badala ya kuingia shambani, husimama kando akipima mpini huu na kuukataa ule. Hata hivyo, kwa vijana wa Thika na Ruiru wanaohitimu kidato cha nne, methali hiyo imepinduliwa. Wao huamrishwa wachague jembe, tena kwa siku chache, kabla hawajaonyeshwa shamba. Huambiwa wataje kozi watakayoisomea kwa miaka minne au zaidi, ilhali wengi wao hawajawahi kuketi na mtu hata mmoja anayeifanya kazi inayotokana na kozi hiyo. Anayesita huitwa mzembe. Anayechagua visivyo huitwa mjinga. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, anayechagua hasa ni nani?

Visa vya vijana wawili vyaweza kutoa mwanga. Wote wawili walifanya mtihani wa KCSE mwaka 2018. Mmoja ni binti wa mtaa wa Makongeni, Thika, mtoto wa mwendesha mitambo kiwandani na mama muuza mitumba. Mwingine ni mvulana wa mtaa wa Kimbo, Ruiru, mtoto wa mwanakandarasi mdogo wa ujenzi na mwalimu wa shule ya msingi. Kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa takriban kilomita 20 kwa ile barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Vijana hao hawakujuana. Lakini somo moja, Kiswahili, liliwapitia wote wawili kwa njia zinazopingana.

Binti alitaka uuguzi. Hamu hiyo hakuisoma katika kitabu wala hakuambiwa na mtu. Alipokuwa kidato cha pili, nyanyake alilazwa hospitalini kwa majuma sita. Kila jioni akitoka shuleni alimpelekea uji, na kila jioni alimwona muuguzi mmoja akimwinamia yule ajuza na kumsemesha polepole, kwa lugha aliyoielewa, kabla ya kukigusa kidonda. Madaktari walipita na kuandika, muuguzi alibaki. Binti akasema moyoni kuwa kazi yake ni hiyo. Lakini shule aliyosomea ilikuwa ya kutwa, na maabara yake moja ilitumiwa kwa zamu na madarasa yote ya sayansi. Matokeo yalipotangazwa alikuwa na gredi ya B kwa jumla, A- katika Kiswahili na C+ katika Baiolojia.

Mvulana, kwa upande wake, alipenda Kiswahili. Alikuwa ameisoma riwaya ya Siku Njema, iliyoandikwa na Ken Walibora na kuchapishwa mwaka 1996, mara tatu kamili, na insha zake zilisomwa mbele ya madarasa mengine kama kielelezo. Alipata A- kwa jumla, A katika Kiswahili, na katika Hisabati na Fizikia hakuwa haba. Alirudi shuleni kuchukua hati zake, akamweleza mwalimu wake wa Kiswahili kuwa angependa kusomea lugha na fasihi. Mwalimu alicheka kidogo, kisha akatia uso wa huruma.

"Mwanangu, kwa gredi hii? Usipoteze alama."

Kupoteza alama. Ni vigumu kupata maneno mawili yanayoeleza vizuri zaidi jinsi kozi zinavyochaguliwa nchini Kenya. Ndani yake mmefichwa wazo kwamba alama za mtihani ni fedha, na kwamba kila kozi ina bei. Mwenye fedha nyingi anayenunua kitu cha bei nafuu huonekana kama mtu aliyetoa noti ya shilingi elfu moja kununua kibiriti katika duka lisilo na chenji. Hakuna anayemuuliza kama alihitaji moto. Watu humsikitikia tu kwa chenji aliyoiacha.

Yafaa kueleza bei hizo hupangwaje, maana wengi huzitaja na wachache huzielewa. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kazi ya kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni hufanywa na shirika la KUCCPS, lililochukua mahali pa bodi ya pamoja ya udahili, JAB. Mwanafunzi anayetaka shahada sharti awe na gredi ya C+ au zaidi. Kisha kila kozi ina kundi lake la masomo manne. Alama za masomo hayo, pamoja na jumla ya alama za mtihani mzima, hupigiwa hesabu, zikatoa alama za kundi ambazo kilele chake ni 48. Wanafunzi hupangwa kutoka wa juu hadi wa chini mpaka nafasi za kozi zijae. Alama za yule wa mwisho aliyeingia ndizo zinazoitwa kiwango cha kozi hiyo kwa mwaka huo.

Hapo ndipo penye kosa la fikra ambalo limewapotosha wazazi, walimu na hata wahadhiri. Kiwango hicho hakipimi ugumu wa kozi, wala manufaa yake kwa jamii, wala akili inayohitajika kuimaliza. Hupima wingi wa wanaoigombea tu. Kozi ikipendwa na wengi wenye alama za juu, kiwango hupanda. Mwaka unaofuata, kwa kuwa kiwango ni cha juu, huonekana ya fahari, nao wengi zaidi huigombea. Fahari huzaa bei, na bei huzaa fahari. Kozi isiyogombewa nayo hushuka, na kwa kuwa imeshuka hudhaniwa kuwa ni ya waliobaki. Isimu ya Kiswahili haikuwa rahisi hata siku moja; aliyewahi kupambana na fonolojia au uainishaji wa ngeli anajua. Imekuwa rahisi kuingiwa tu, na watu wakadhani mlango mpana ni dalili ya nyumba duni.

Katika duka moja la intaneti mjini Ruiru, lile ambalo watu huliita saiba, mvulana alijaza machaguo yake akiwa amesimamiwa na babake. Mtu asimhukumu mzazi huyo upesi. Kwa miaka ishirini alikuwa amejenga nyumba za kupangisha katika viwanja vilivyokatwa kutoka mashamba ya zamani ya kahawa. Aliijua saruji na vyuma kuliko vijana wengi waliotumwa kumkagua. Hata hivyo, kila hatua ya kazi yake ilingoja mtu aje atie sahihi.

"Kazi naifanya mimi," alimwambia mwanawe, "lakini sahihi ni ya injinia. Nataka sahihi hiyo iwe katika nyumba hii."

Mama naye alikuwa na hoja yake. "Nimevuta vumbi la chaki miaka ishirini na minne. Ukisomea Kiswahili watakufanya mwalimu tu, na walimu wamejaa vijijini wakingoja TSC. Baba yako hakukusomesha uje ungoje."

Hoja ya mama ilikuwa na msingi. Hapo zamani, mhitimu wa ualimu nchini Kenya aliajiriwa na serikali moja kwa moja. Mwaka 1998 utaratibu huo ulisitishwa, na tangu hapo mhitimu hungoja nafasi itangazwe ndipo aombe pamoja na wenzake wa miaka iliyotangulia. Kwa hiyo mwalimu akimkataza mwanawe ualimu, hadharau kazi yake. Anasema kile alichokiona kwa macho yake: wanafunzi wake wa zamani wakiwa na shahada, wakifundisha kwa malipo ya bodi ya shule au wakiendesha bodaboda. Mkono mtupu haulambwi. Mvulana hakuwa na jibu. Alijaza uhandisi wa ujenzi katika nafasi ya kwanza, na katika nafasi zilizofuata akajaza uhandisi mwingine na mwingine tena.

Huko Thika, binti alijaza uuguzi katika kila nafasi iliyomruhusu, akijua fika kuwa alama zake hazikutosha. Nafasi moja ilibaki. Mhudumu wa saiba, kijana aliyekuwa amewajazia watu wengi siku hiyo, alimshauri kwa nia njema: "Dada, weka ualimu hapo, usije ukakosa vyote." Akaweka. Masomo yake mawili ya kufundishia yakawa Kiswahili na Historia, kwa sababu ndiyo aliyopita vizuri. Kiswahili kilichaguliwa, kwa hakika, na mhudumu wa saiba aliyetaka kufunga duka.

Mtu angedhani kuwa mahali kama Thika na Ruiru vijana wangekuwa na mwongozo zaidi kuliko kwingine. Barabara hiyo moja imejaa vyuo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1985, kiko Kahawa, kabla tu ya kuingia Ruiru. Chuo cha Zetech kiko Ruiru. Katika Juja kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati na kuwa chuo kikuu mwaka 1994. Thika yenyewe ni makao ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati mwaka 2011. Mtoto wa huko hupita malango hayo yote ndani ya matatu tangu utotoni. Lakini kupita mlangoni si kuingia. Ukaribu huo, aghalabu, humfundisha mzazi jambo moja tu: kwamba mtoto akisomea karibu atalala nyumbani na kodi ya chumba itaokolewa. Si ajabu basi kozi kuchaguliwa kwa sababu inapatikana mahali panapofikika kwa nauli moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa kazi zenyewe. Thika ni mji wa viwanda na wa mashamba makubwa ya mananasi. Watoto wa Makongeni wanazijua zamu za viwanda kwa milio na kwa harufu, ila ndani ya kuta hawaingii mpaka siku ya kutafuta kibarua. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iliyotolewa hapo mwaka 1985 kwa ajili ya kustahimili maradhi ya kahawa ilipewa jina la mji huo, Ruiru 11. Mkahawa huo umepandwa mbali na nyumbani kwake, lakini ni watoto wangapi wa Ruiru wamewahi kuota kuwa watafiti wa mimea? Kahawa ndiyo iliyowasomesha baba na babu zao. Wao wenyewe wameiona iking'olewa ili viwanja vipimwe. Isitoshe, katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa huadhibiwa kwa kupewa jembe. Baada ya miaka minne ya adhabu hiyo, mwalimu huyohuyo husimama mbele ya darasa na kuuliza mbona hakuna anayetaka kusomea kilimo.

Zipo athari nyingine zilizo kimya zaidi. Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi aliacha baadhi ya masomo alipoingia kidato cha tatu. Aliyeacha Fizikia akiwa na miaka kumi na sita, pengine kwa kuwa mwalimu wake alihamishwa, alikuwa amekwisha kufunga mlango wa uhandisi bila kuusikia ukigonga. Kwa mwanafunzi asiyeona, kama wale wanaosoma katika shule ya wasioona iliyoko Thika tangu mwaka 1946, uchaguzi hutegemea hata zaidi kama kuna vitabu vya Breli na vifaa vya maabara vinavyofaa. Kwa wasichana, kuna sauti za mashangazi zinazouliza kozi fulani itamalizika lini na ataolewa lini. Sauti hizo zote hazijazi fomu. Hupunguza tu idadi ya mistari ambayo kalamu inaweza kuifikia.

Fedha nazo zimekuwa zikibadilisha sura ya uchaguzi huu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mwaka 1998 utaratibu wa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata, mlango wa pili ulifunguka: aliyekosa alama aliweza kununua kozi kwa shilingi. Mlango huo ulipungua upana baada ya mtihani wa mwaka 2016, ambapo usimamizi ulikazwa na waliopata gredi ya A wakashuka hadi 141, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia. Waliofikia C+ wakawa wachache kiasi kwamba takriban wote waliweza kupangiwa nafasi na serikali. Wakati vijana wetu wawili walipoingia chuoni mwaka 2019, karo ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, awe daktari au mwalimu mtarajiwa. Kwao, bei ya kozi ilikuwa alama peke yake. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliigawa karo kwa gharama halisi ya kila kozi na kwa uwezo wa kila familia. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba mwezi wa Desemba 2024, na shauri likapelekwa kwenye rufaa. Lakini wazazi walikuwa wamekwisha kuiona ile orodha ya gharama. Tangu hapo mzazi hupima kwa mizani miwili, alama huku na shilingi huku, na moyo wa mtoto haumo katika mzani hata mmoja.

Hali hii si ya Kenya pekee. Nchini Tanzania mwanafunzi huchagua tahasusi anapoingia kidato cha tano; aliyesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Lugha ya Kiingereza, hawezi tena kugeuka akawa tabibu. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama moja na nusu, kwa kutambua kwamba alama za mtihani hubeba pia kazi za nyumbani zilizofanywa kabla ya kusoma. Kila nchi imeweka ungo wake. Tofauti ni ukubwa wa matundu tu.

Turejee kwa vijana wetu. Juma la kwanza la mihadhara, mhadhiri wa Isimu aliingia katika ukumbi uliojaa, akauliza: "Ni nani hapa aliyechagua Kiswahili kama chaguo lake la kwanza?" Mikono mitatu iliinuliwa, na mmoja ukashushwa baada ya mwenye mkono kutazama kando. Binti wa Makongeni hakuinua wake. Mhadhiri alitikisa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyezoea, akaanza somo. Hakuuliza swali la pili, lile la kuwauliza waliosalia walitaka nini. Pengine muda haukutosha. Lakini mamia ya vijana walikaa ukumbini humo muhula mzima, kila mmoja akiamini kuwa yeye peke yake ndiye aliyetupwa pale na wimbi.

Kwa mwaka mmoja na zaidi binti alisoma kwa shingo upande. Alipita mitihani bila kuipenda wala kuichukia. Mabadiliko yalitokea katika somo la Tafsiri. Mhadhiri aliwapa wanafunzi karatasi ya maelezo apewayo mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini: dawa gani zinywewe saa ngapi, kidonda kisafishwe vipi, dalili zipi ni za hatari. Iliandikwa kwa Kiingereza. Binti aliitazama karatasi hiyo na kumkumbuka nyanyake, aliyerudi nyumbani na karatasi kama hiyo na kuiweka chini ya mto kwa heshima, asijue imesema nini. Usiku huo alirudia tafsiri yake mara nne. Tatizo halikuwa msamiati, kamusi zilikuwapo. Tatizo lilikuwa kupata sentensi ambayo ajuza wa Thika angeisoma, au angesomewa, na kuamka asubuhi akifanya yaliyosemwa.

Lingekuwa kosa kusema kuwa tangu siku hiyo aliusahau uuguzi. Hakuusahau. Hata leo akipita hospitalini hutazama sare zile kwa jicho la mtu anayetazama nyumba aliyonusurika kuinunua. Lakini aliacha kukaa katika Kiswahili kama mpangaji.

Mvulana naye alikuwa amepotea katika uhandisi. Mwaka wa kwanza alijikokota. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, alirudi Kimbo na kukaa miezi mingi akiandika tamthilia katika daftari za michoro. Masomo yaliporejea alishindwa mitihani miwili ya Hisabati, akairudia, akashindwa mmoja tena. Mwaka 2021 alimwambia babake kuwa ameacha. Mzee hakupiga kelele. Kwa majuma matatu aliondoka alfajiri na kurudi usiku, na jirani walipomuuliza habari za mwanawe alijibu, "Yuko chuoni," bila kuongeza neno.

Mwaka uliofuata kijana aliomba upya, safari hii Kiswahili na Mawasiliano, katika chuo kilekile alichosoma binti. Mkopo wa bodi ya HELB aliouchukua kwa miaka miwili ya uhandisi ulibaki katika jina lake, ukingoja kulipwa kwa ajili ya shahada asiyokuwa nayo. Mama, yule aliyevuta vumbi la chaki, ndiye aliyechangia karo ya muhula wa kwanza. Alimpa pesa hizo zikiwa zimekunjwa ndani ya leso na kumwambia neno moja tu: "Maliza."

Vijana hawa wawili walikutana katika mkutano wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Binti alikuwa katibu. Kijana alikuwa mgeni, mkubwa kwa umri kuliko wenzake wa mwaka wa kwanza. Baada ya mkutano alisogea mezani kuandikisha jina.

"Dada, wewe ulichagua Kiswahili?"

"Nilipangiwa. Na wewe, ndugu yangu?"

"Mimi nilikifuata. Kimenigharimu miaka miwili, mkopo, na salamu za baba."

Binti aliandika jina lake, akanyamaza kidogo. "Basi mimi nilipewa bure," alisema, "na kwa mwaka mzima nilikidharau."

Mazungumzo hayo mafupi yana uzito kuliko hotuba nyingi zinazotolewa kuhusu hadhi ya lugha hii. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010. Kimetahiniwa kwa lazima katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliitenga Julai 7 kuwa siku yake duniani. Hayo yote ni ya kujivunia. Lakini heshima ya somo haiamuliwi na sherehe za Julai. Huamuliwa siku ile mwanafunzi mwenye A anapokwenda kwa mwalimu wake wa Kiswahili na kusema kuwa anataka kulisomea. Iwapo mwalimu huyo, ambaye amekula na kuvaa kwa Kiswahili, ndiye wa kwanza kumwambia asipoteze alama, basi hatuna haki ya kuwalaumu wazazi. Na iwapo mwanafunzi mwenye B anapokewa katika idara kama mtu aliyesombwa na maji, tusishangae akikaa humo akiwa amefunga virago vyake tayari kuondoka. Somo lilelile hutukanwa mara mbili: kwa mmoja ni la chini mno, kwa mwingine ni makombo.

Hii haina maana kwamba kila mpenda fasihi aache uhandisi, wala kwamba mzazi anyamaze. Baba wa Kimbo alikuwa na haki ya kutaka sahihi nyumbani mwake, na mama alikuwa na haki ya kuogopa njaa. Walichokosa wote, na mwana akiwamo, ni mahali pa kuyasema hayo mapema, kabla ya siku ya saiba. Hoja zilitolewa zikiwa amri kwa sababu hapakuwa na muda zitolewe zikiwa mazungumzo.

Binti alihitimu mwaka 2023. Sasa anafundisha katika shule moja ya upili, analipwa na bodi ya shule, na jioni hutafsiri maandishi ya afya kwa malipo madogo. Katikati ya mwaka 2025 zamu iliingia tena nyumbani kwao Makongeni. Mdogo wake alikuwa katika gredi ya tisa, na mtaala mpya wa umilisi ulimtaka achague mkondo wa masomo ya shule ya upili ya juu yatakayoanza Januari 2026: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Swali lililomfika dada akiwa na miaka kumi na minane lilimfika ndugu akiwa na kumi na mitano.

"Achague sayansi," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa akizipanga. "Ana akili huyu. Asipoteze alama."

Dada alimgeukia mdogo wake. "Wewe unataka nini?"

"Sijui," mvulana alijibu, akainamisha uso kana kwamba amekosa adabu.

Dada hakumkemea. Alikumbuka ule ukumbi uliojaa, na mikono isiyoinuliwa. Alitazama tarehe ya mwisho ya kuwasilisha fomu. Zilibaki siku tisa. Jumamosi asubuhi aliomba nauli ya watu wawili kwa mama, ambaye alinung'unika, kisha akatoa. Walianzia hospitalini, ambako muuguzi mmoja aliyemfahamu alikubali kuzungumza na mvulana kwa robo saa wakati wa mapumziko. Alasiri walipanda matatu kwenda Ruiru. Kule Kimbo, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mwaka wa mwisho aliwangoja kando ya jengo la ghorofa tatu lililokuwa likiendelea kujengwa. Babake alikuwa juu, akipiga timazi ukutani. Mzee alipoambiwa kijana mgeni amekuja kuona kazi, alishuka, akajipangusa saruji mikononi, akampa timazi aishike mwenyewe.

"Shika hapa juu, usiitikise," alisema. "Sasa niambie: ukuta umesimama sawa?"